Reli ya Kusini: Stesheni Zilizokufa na Maneno Yaliyobaki

Miji mingi ya mwambao wa Afrika Mashariki ilizaliwa na jahazi. Bandari ya Mkwaya, katika hori ya Lindi, ilizaliwa na karanga. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza ilikabiliwa na uhaba wa mafuta ya kula. Mwaka 1947 ikaanza kutekeleza mpango wa kulima karanga Tanganyika, katika eneo lililokusudiwa kuzidi ekari milioni 3, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea.

Ili kuifikia Nachingwea, reli ilijengwa kutoka Mkwaya, huku bandari ya kina kirefu ikiandaliwa Mtwara. Hata hivyo, reli ilitangulia mzigo wake. Mvua haikutosha, ardhi ilikuwa ngumu na mashine ziliharibika. Mwaka 1951 mpango ulifutwa, kwa hasara ya takriban pauni milioni 36. Bandari ya Mtwara ilipofunguliwa mwaka 1954, Mkwaya ilipoteza kazi yake. Mazao mengine ya kusini hayakutosha kuiendesha reli. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilifungwa, na vyuma vyake vikang'olewa.

Je, ni nini hubaki stesheni inapokufa? Kwa mwanaisimu, jibu mojawapo ni msamiati. Maneno *reli* na *stesheni* yalitoka katika Kiingereza. Lakini *mataruma*, yanayoshikilia vyuma vya reli, yalikuwa kwanza mbao za kuimarisha chombo cha baharini. Na *behewa* lilikuwa sehemu ya ndani ya nyumba kabla ya kuwa chumba cha abiria. Waswahili, basi, hawakupokea tu maneno pamoja na mashine. Waliitazama mashine ngeni kwa macho ya fundi wa jahazi na ya mwenye nyumba, wakaipa majina waliyokuwa nayo.

Kamusi huhifadhi maana hizo, ila haielezi kama mafundi wa Mkwaya, Mtwara na Nachingwea walikuwa na maneno yao wenyewe. Kijana aliyefanya kazi katika reli hiyo akiwa na miaka 20 mwaka 1954, sasa amepita miaka 90. Vyuma vilivyong'olewa havirudi. Maneno bado yanaweza kukusanywa, iwapo watafiti watawahi kuwafikia wazee hao.