Shahidi, Mfiadini na Waliofiwa: Lugha ya Heshima kwa Padri Albert Joubert, kutoka Fizi hadi Bariadi

Utangulizi

Katika Kiswahili, mtu aitwaye mahakamani kueleza aliyoyaona na mtu auawaye kwa ajili ya imani yake huitwa kwa jina moja: shahidi. Neno hili lina asili ya Kiarabu. Kando yake, Wakatoliki hutumia pia neno mfiadini, lililoundwa kwa kitenzi cha Kibantu -fia na nomino dini. Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kwamba maneno haya hayalingani kabisa, na kwamba tofauti yake inasaidia kueleza jinsi Mkristo wa Bariadi, mkoani Simiyu, awezavyo kumheshimu padri aliyeuawa Fizi, mashariki mwa Kongo, asiye wa ukoo wake wala wa nchi yake.

Bariadi na Fizi ziko mbali, lakini zina jambo moja la pamoja. Msukuma wa Bariadi amelelewa kwa Kisukuma. Mbembe wa Fizi amelelewa kwa Kibembe. Wote wawili husali kwa Kiswahili, lugha iliyoingia bara kwa njia za misafara na kukuzwa baadaye na shule na misheni. Kwa hiyo maneno ya Kiswahili yanayomtaja mfiadini huwafikia wote wawili.

Kufia mahali

Kitenzi kufia kina matumizi matatu yanayohusika hapa. La kwanza ni la mahali: fulani alifia Fizi.

Albert Joubert alizaliwa mwaka 1908 huko Mrumbi, katika eneo la Moba, magharibi mwa Ziwa Tanganyika. Baba yake, Ludovic Joubert, alikuwa Mfaransa aliyewahi kuwa askari wa Papa, kisha akaja ziwani kuzilinda kwa bunduki misheni za Mapadri Weupe dhidi ya wavamizi wa biashara ya watumwa. Mama yake, Agnes Atakaye, alikuwa mwenyeji wa huko. Baba alifariki mwaka 1927. Mwana alichagua upadri, na hakurithi silaha ya baba yake.

Tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa uasi wa Simba, wapiganaji walifika katika misheni ya Baraka, kando ya ziwa, wakamuua Bruda Vittorio Faccin. Padri Luigi Carrara, aliyeamriwa kuingia garini, alikataa. Akapiga magoti kando ya mwili wa mwenzake, naye akauawa. Siku hiyohiyo, huko Fizi, waliuawa Padri Giovanni Didonè na Padri Joubert. Waitalia hao watatu walikuwa wa Shirika la Kimisionari la Mtakatifu Fransisko Ksaveri. Wote wanne walitangazwa wenyeheri mjini Uvira tarehe 18 Agosti 2024.

Kufia jambo

Matumizi ya pili ni ya sababu: alifia dini. Hapa ndipo penye ugumu, na hapana budi kuukabili.

Tarehe 24 Novemba 1964, siku nne kabla ya mauaji hayo, askari wa miavuli wa Ubelgiji walitua Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani. Mtu aweza kudai kwamba mapadri hao waliuawa kwa kisasi tu, kwa kuwa walikuwa Wazungu. Nasaba ya Joubert inaudhoofisha mdai huo, kwa maana alikuwa mwana wa ziwa hilo kwa upande wa mama. Hata hivyo haiuondoi wote, kwani jina la baba yake lilikuwa la askari aliyejulikana.

Aidha, si haki kuwafanya waasi wote kuwa maadui wa dini. Walikuwa na malalamiko yao dhidi ya serikali, na dawa yao ya maji iliyosemekana kuzuia risasi inakumbusha vita vya Maji Maji. Katika vita hivyo, mwaka 1905, aliuawa Askofu Cassian Spiss pamoja na wenzake, ilhali taifa la Tanzania linawaenzi wapiganaji wa Maji Maji kuwa mashujaa. Vita vimoja huacha kumbukumbu mbili.

Kanisa hujibu kwa kutazama pande mbili: chuki ya muuaji dhidi ya imani, na ridhaa ya anayeuawa. Nia ya muuaji ni vigumu kuisoma. Ridhaa huonekana katika matendo. Carrara alikataa kuuacha mwili wa mwenzake. Hapo neno shahidi linafaa kuliko mfiadini: mfiadini hudai kuijua sababu ya kifo, lakini shahidi hueleza alichokitenda mtu kilipomfikia.

Kufiwa

Matumizi ya tatu yanawahusu wanaobaki: wamefiwa. Kwa Wasukuma, wahenga waliofariki huitwa masamva, nao hukumbukwa na kutambikiwa na uzao wao. Kwa utaratibu huo, ni nani atakayemkumbuka padri, ambaye hana mtoto?

Wakatoliki hutofautisha ibada, iliyo ya Mungu peke yake, na heshima wapewayo watakatifu. Heshima hiyo haifuati damu. Tarehe 18 Oktoba 1964, siku 41 kabla ya mauaji ya Baraka na Fizi, Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu Mashahidi 22 wa Uganda, ambao hakuna hata mmoja wao aliyekuwa padri. Sikukuu yao, tarehe 3 Juni, huadhimishwa na Kanisa zima, Bariadi ikiwemo. Mwenyeheri ni tofauti: heshima yake ya hadharani katika liturujia ina mipaka ya majimbo na mashirika yaliyoruhusiwa. Kwa hiyo Mkristo wa Bariadi amwombaye Joubert amwombee hafanyi hivyo kwa amri ya kalenda. Anafanya hivyo kwa sababu amesikia habari zake, na kuzisikia kumemfanya mmoja wa waliofiwa.

Hitimisho

Ushahidi hauwi ushahidi usipopata wa kuupokea. Padri asiye na mtoto huendelea kukumbukwa kadiri watu wanavyosimuliana habari zake, na Kiswahili ndicho chombo cha masimulizi hayo kutoka ziwa moja hadi jingine. Wanaosimulia wana wajibu wa mashahidi wa mahakamani: waseme walichopokea, wasiongeze, wala wasifiche kwamba kifo hicho kilitokea katikati ya vita. Heshima isiyoogopa maswali ndiyo itakayodumu.