UONGOZI SHIRIKISHI KATIKA VIKUNDI: NANI ANAPANGA ZAMU YA MTAMBA?

Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa viongozi wa vikundi vya ng'ombe wa maziwa, Kisondela, Wilaya ya Rungwe



Nimeombwa nizungumzie uongozi shirikishi. Neno hili tumelisikia katika semina nyingi hadi limechakaa, na kila andiko la mradi linalopita mezani kwangu linalo. Leo nitalipima kwa jambo moja tunalolifahamu sote, yaani kopa ng'ombe lipa ng'ombe.

Utaratibu mnaujua. Anayepewa mtamba hulipa ndama jike wa kwanza, na ndama huyo huenda kwa mwenzake anayefuata kwenye orodha. Lakini ng'ombe hazai kwa kufuata orodha yetu. Akizaa dume mara mbili, anayefuata atasubiri miaka. Akifa, orodha inasimama. Hapo maswali huanza: anayefuata arukwe? Apewe mwingine ambaye banda lake limekamilika? Kuyajibu maswali hayo ndiyo kazi ya uongozi. Mengine ni mihuri na viti vya mbele.

Ninakifahamu kikundi kimoja, sikitaji, ambacho zamu ilibadilishwa na watu watatu baada ya ibada. Huenda walikuwa na sababu nzuri; pengine yule mama aliyerukwa kweli hakuwa na majani ya kutosha. Lakini hakuna aliyemwambia. Alimwona ndama akipita mbele ya nyumba yake kwenda kwa mwingine. Hakurudi tena mkutanoni, na wenzake nao wakaanza kuchelewesha malipo. Kikundi kile hakikuuawa na ndigana.

Katika Matendo ya Mitume sura ya 6, wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuyaita manung'uniko yale utovu wa nidhamu. Waliita mkutano wote, wakaeleza sifa za watu wanaohitajika, wakauachia mkutano uchague saba. Yatazameni majina ya wale saba: yote ni ya Kiyunani. Inaonekana upande ulionung'unika ndio uliokabidhiwa kugawa. Ni wangapi hapa tungethubutu?

Kwetu ardhi ni finyu, imejaa migomba na chai, kwa hiyo ng'ombe hukaa bandani. Anayekata mabingobingo, akateka maji na kukamua alfajiri, mara nyingi ni mama na watoto. Mkutano tunauitisha asubuhi, kwa Kiswahili cha ofisini, na jina lililoandikwa kwenye orodha ni la baba. Halafu tunaandika katika taarifa kwamba akina mama hawachangii mawazo! Uiteni alasiri, mwacheni mtu aseme Kinyakyusa, mtasikia. Tunalo neno ukwangala, raha ya kukaa na wenzako mkizungumza. Mtafiti Monica Wilson, aliyefanya kazi huku miaka ya 1930, aliliandikia kwa kirefu. Sijui tulijifunza wapi mikutano ambayo mmoja anasimama na arobaini wananyamaza.

Si kila jambo lipigiwe kura. Ng'ombe akipata homa, mwenyekiti amwite mtaalamu wa mifugo saa hiyo hiyo, mkutano utaelezwa baadaye. Lakini zamu, fedha na kumwondoa mwanachama ni mambo ya wote, na uamuzi uandikwe pamoja na sababu yake, kisha usomwe kwa sauti.

Kwa wafadhili wetu walio nasi, nasema kwa heshima: mkitaka andiko ndani ya wiki mbili, litaandikwa na mimi na mwenyekiti, usiku. Litakuwa safi, na neno "shirikishi" litakuwemo mara kumi. Tupeni miezi mitatu, hata kama ng'ombe watapungua.

Baada ya chai tutakaa kwa vikundi. Kila kikundi kimekuja na daftari lake la zamu. Fungueni ukurasa wa mwisho, na asiye kiongozi ndiye atakayesoma.