Programu Inaporejea Tupu: Tuitafute Data Wapi?



Mada yangu inahusu hali inayomtia hofu kila anayesimamia seva. Mashine imeharibika, nakala rudufu ipo, amri ya kurejesha imekwenda bila kulalamika, na programu ya mafaili ya Nextcloud inafunguka vizuri kwenye seva mpya. Lakini badala ya ukurasa wa kuingia, inakuomba utengeneze akaunti ya kwanza ya msimamizi. Hakuna kosa lililoandikwa popote, na nyaraka za ofisi nzima hazionekani.

Naamini mara nyingi data hiyo bado ipo, ila programu inatazama mahali ambapo haikuwekwa. Kwa sababu hiyo, jambo la kwanza ni kuizima. Usitengeneze hiyo akaunti mpya. Ukiitengeneza, watumishi wataanza kupakia mafaili, na kesho utakuwa na mifumo miwili, kila mmoja una kitu ambacho mwingine hauna. Baada ya kuizima, nakili nakala rudufu yako mahali pengine kabla ya kuigusa tena.

Ukurasa ule wenyewe una habari. Nextcloud huuonyesha pale inapokosa faili la config.php lenye taarifa kwamba imekwisha kusakinishwa. Kwa hiyo tujiulize: faili hilo liko wapi?

Hapa nitakaa kidogo kwenye Docker, kwa kuwa huko ndiko wengi wanakopotelea. Docker Compose inapotengeneza volyumu, hutanguliza jina la mradi, ambalo kwa kawaida hutokana na jina la folda. Folda ikiitwa ofisi na volyumu ikiitwa db, jina kamili huwa ofisi_db. Sasa chukulia kwamba kwenye seva mpya folda imeitwa ofisi2. Msimamizi anarejesha data kwenye ofisi_db, kama maelezo yake ya zamani yanavyosema. Compose nayo inatengeneza ofisi2_db, tupu, na volyumu ya programu, ambamo config.php hukaa, vivyo hivyo. Kontena la PostgreSQL likikuta saraka yake ya data haina kitu, linaanzisha hifadhidata mpya na kuendelea na kazi. Kwa upande wake hakuna kilichoharibika, ndiyo maana hukuona kosa lolote. Amri ya docker volume ls itakuonyesha volyumu za majina yote mawili, na docker inspect itakuambia kontena limeshika ipi. Ukishajua hivyo, tiba ni fupi: andika jina la mradi waziwazi ndani ya faili la Compose, kisha uwashe upya.

Hali nyingine inafanana na hiyo, ila chanzo ni tofauti. Watumiaji wanaingia, mafaili yapo kwenye diski, lakini ukurasa wao ni mweupe. Nextcloud haisomi diski kila mara mtu anapofungua folda. Orodha yake imo kwenye jedwali la oc_filecache ndani ya hifadhidata. Amri ya occ files:scan --all huijenga orodha hiyo upya. Haitarudisha taarifa za nani alimgawia nani faili gani, kwa hiyo anayenakili mafaili na kuiacha hifadhidata amehifadhi nusu ya kazi za watu.

Ipo pia siku ambayo nakala yenyewe ni tupu, na hiyo inauma zaidi. Chunguza ukubwa wake. Faili la gzip lenye baiti 20 tu halina kitu ndani. Chanzo cha kawaida ni amri ya docker exec -it ya kuendesha pg_dump, yaani kunakili hifadhidata, iliyofanya kazi vizuri ilipoandikwa kwa mkono, kisha ikawekwa kwenye cron, ambako hakuna skrini wala kibodi. Docker inakataa, pg_dump haitoi chochote, gzip inaufunga huo utupu kwa utii, na ripoti inasema kazi imefaulu. Ondoa -t, na katika skripti ya bash weka set -o pipefail ili kushindwa kwa hatua ya kwanza kusimezwe na ya pili.

Asidhani mtu kwamba haya ni ya ofisi ndogo pekee. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab alifuta saraka ya hifadhidata kuu akidhani yuko kwenye seva ya akiba. Walipoziendea nakala za pg_dump hawakukuta kitu: programu ya toleo la 9.2 ilikuwa ikishindwa kila siku mbele ya hifadhidata ya 9.6, na barua pepe za tahadhari zilikuwa zikikataliwa kabla ya kuwafikia. Waliokolewa na nakala ya diski iliyochukuliwa kwa mkono saa sita hivi kabla. Yaliyoandikwa kwenye hifadhidata ndani ya saa hizo yalipotea. Kampuni ilieleza yote hadharani, na ninaiheshimu kwa hilo.

Ninapendekeza kwamba mchana huu kila kikundi kirejeshe nakala yake kwenye mashine nyingine kabisa, yenye folda ya jina tofauti, bila kuigusa seva inayofanya kazi. Hesabuni watumiaji na safu za oc_filecache, mlinganishe na hesabu iliyoandikwa nakala ilipochukuliwa. Ambaye hana hesabu hiyo aanze kwa kuongeza kwenye skripti yake mstari wa kuiandika.