Bada Iuzwe Kando ya Lami

Mabasi yatokayo Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha hupita Mkata, Kabuku na Segera, kisha Korogwe na Mombo, na mengi husimama njiani humo abiria wapate kula. Kwa hiyo pesa ya chakula imekwishafika katika wilaya hizo za Handeni na Korogwe. Hatuna haja ya kuisubiri kwa watalii wa ng'ambo. Lakini kinachojaa sahanini ni chipsi, kuku na wali, chakula kile kile ambacho abiria angekipata Dar es Salaam kabla hajapanda basi. Bada, yaani ugali wa unga wa muhogo, pamoja na mboga za mchunga, mnavu na mlenda, mapishi ya Wazigua na Wasambaa tangu enzi za mababu, vimebaki majumbani, na mkulima wa muhogo wa huko hana fungu lake katika biashara inayompita barabarani kila siku.

Kenya imethibitisha kwamba chakula cha nyumbani kinaweza kurudishiwa hadhi. Managu, terere na saga zilidharauliwa miaka mingi kuwa mboga za maskini. Mwaka 2007 wataalamu na wanajamii walianza kuorodhesha vyakula vya asili na mapishi yake; leo mboga hizo zinauzwa hata katika maduka makubwa ya Nairobi, na mwaka 2021 UNESCO iliitambua kazi hiyo kuwa mfano mwema wa kulinda urithi. Mlaji mkuu wa mboga hizo ni Mkenya mwenyewe, na nasi tuanze na Mtanzania aliye safarini.

Wapo wasemao abiria hana muda, tena mchunga ni mchungu. Lakini unga ukiwa tayari, bada husongwa upesi. Mchunga huchemshwa mapema, maji yake yakamwagwa, ukaungwa kwa nazi. Hoja nzito ni ya usalama: muhogo mchungu usioandaliwa vyema una sumu, na mlaji mmoja akidhurika, eneo zima litakimbiwa. Hapo sibishi, maafisa afya wakague makopa, yaani vipande vya muhogo mkavu, tangu yanapoanikwa. Wengine wanahofu faida itaishia kwa wenye migahawa mikubwa. Itaishia huko kweli, mama lishe wakikosa mtaji. Lakini sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Waheshimiwa madiwani wa Handeni na Korogwe, vikundi vya mapishi ya asili vipeni mikopo hiyo, na vibanda vyao vijengwe pale pale mabasi yanaposimama.