Hatari ya Kuchagua na Hatari ya Kulazimishwa

Mchimbaji wa kobalti wa mikono hapa Likasi, Kongo, anaposhuka shimoni anajua anachokabili. Habari za mgodini Kolwezi za Juni 2019, ukuta wa udongo ulipofukia watu zaidi ya 40, zilimfikia. Hata hivyo anashuka, kwa sababu ada ya shule inadaiwa wiki hii, na kifo, akilini mwake, ni jambo la siku nyingine.

Je, malipo yanastahili? Tazama bei. Mwaka 2018 tani ya kobalti ilipita dola 90,000. Mwaka mmoja baadaye haikufika nusu yake. Shimo halikupungua kina hata kidogo. Hatari ilibaki ya mchimbaji, faida ikapangwa na watu wasioshika sururu.

Linaloniuma zaidi ni ziwa letu la Tshangalele, lililozaliwa mto Lufira ulipozibwa kwa bwawa la Mwadingusha. Maji yanayopita viwandani na migodini huishia humo. Watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wamekuta kobalti nyingi katika samaki wake na katika mkojo wa watu wa kandokando. Mama anayepika samaki huyo pamoja na bukari, ugali wetu, hajacheza bahati nasibu yoyote. Wala mtoto wake hana senti ya kobalti. Mchimbaji tunamwita jasiri, pengine mjinga. Mama huyu hatumwiti chochote, na hakuna anayemlipa. Kampuni na serikali zimpimie maji, zimtangazie majibu waziwazi, tena kwa Kiswahili.