Umeme wa Nyumbani na Nguzo za Mtaani



Sola iliyo juu ya paa na nguzo ya TANESCO iliyo mlangoni si mahasimu. Vyaweza kushirikiana, ila kwa utaratibu.

Kanuni zilizotolewa mwaka 2018 chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 humruhusu mteja mwenye mtambo wa nishati jadidifu usiozidi megawati 1 kuingiza ziada yake katika mtandao wa usambazaji. Mita yake husoma pande mbili: umeme uliochukuliwa na umeme uliotolewa. Uliotolewa hupunguza anachodaiwa. Mita ya kawaida ya LUKU haikukusudiwa kazi hiyo. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kupeleka maombi TANESCO, na asiyeridhika na huduma hupeleka malalamiko yake EWURA.

Kwa kiwango kikubwa zaidi, mfano upo Mufindi. Mtambo wa maporomoko ya maji wa Mwenga, wenye megawati 4, ulianza mwaka 2012 kuiuzia TANESCO umeme, huku ukivisambazia vijiji vya jirani.

Hata hivyo, liko jambo linalogusa uhai wa watu. Transfoma hufanya kazi pande zote mbili. Ile inayoshusha volti 33,000 hadi 400 kwa matumizi ya nyumbani huweza pia kuzipandisha. Umeme wa gridi unapokatika, kisha mtu akachomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani, nguvu hurudi hadi kwenye transfoma na kutokea upande wa pili ikiwa na maelfu ya volti. Fundi aliye juu ya nguzo, akiamini kuwa laini imezimwa, huweza kupoteza maisha. Vivyo hivyo mpita njia agusaye waya ulioanguka.

Ndiyo maana inveta iliyounganishwa na gridi hutakiwa kujizima mara gridi ikatikapo. Nyumba hiyo nayo hukaa gizani kama za jirani, isipokuwa ina betri na swichi ya kuitenga na laini ya nje. Mwenye jenereta naye aweke swichi ya kubadilisha chanzo, isiyoruhusu umeme wa aina mbili kukutana. Kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA.

Paa ni la mwenye nyumba. Waya ni wa wote.