Karo ya Chuo: Omba Mkopo, Omba Basari

Msikilizaji wa Kibera na Kawangware, umeitwa chuoni na karo hamna? Omba mkopo, omba basari. Zote mbili. Bodi ya mikopo, HELB, iliundwa kwa sheria mwaka 1995. Haikopeshi wa chuo kikuu pekee. Hata wanaosomea ufundi huomba, mtandaoni. Basari hutoka kwa hazina ya eneo bunge, NG-CDF. Wa Kibera, ofisi yako ni ya Kibra. Wa Kawangware, Dagoretti Kaskazini. Basari hairudishwi, lakini mara nyingi haitoshi karo yote. Ndiyo maana twasema: zote mbili.

Utasema deni linatisha. Ni kweli, mkopo wa HELB hulipwa. Lakini riba yake ni ndogo mno ukilinganisha na mikopo ya simu, na unaanza kulipa baada ya masomo. Utasema basari ni ya wanaojuana. Malalamiko hayo yapo, lakini fomu isiyopelekwa haina la kudai. Basi wiki hii, toa nakala za kitambulisho, barua ya chuo na karatasi ya karo. Fomu ya basari ikihitaji muhuri wa chifu, mwendee mapema. Omba mkopo, omba basari. Zote mbili.